Chumba kisicho na dirisha, hatua chache kutoka baharini

Usiku wa kwanza dada yangu alishinda kwenye kamari. Naanzia hapo kwa sababu mambo yote ya siku sita zilizofuata yalitokana na ushindi ule. Kama angeliwa usiku ule wa kwanza, naamini tungerudi nyumbani na habari za bahari peke yake.

Tulikuwa tumefika alasiri. Dada ananizidi miaka tisa, na safari ile aliilipia yeye, ya kwake na ya kwangu, baada ya mwaka mzima wa kumuuguza mama yetu hadi akapata nafuu. Alikuwa amechoka uchovu ule usioisha kwa kulala. Akachagua hoteli kubwa ya ufukweni, ya aina ile ambayo ukitoka kwenye lifti, kushoto kuna mlango wa kwenda baharini na kulia kuna mlango wa kasino. Tulipoingia kulia bado tulikuwa na mchanga kwenye kandambili. Nje jua lilikuwa linazama. Ndani hakukuwa na dirisha hata moja, wala saa ukutani, na zulia lilikuwa nene kiasi kwamba hatukusikia hatua zetu wenyewe.

Alinunua tokeni za rangi ya waridi. Kwenye meza ya ruleti kila mchezaji hupewa rangi yake ili dau lake lisichanganyike na la jirani, na tokeni hizo zina thamani kwenye meza ile tu; ukitaka kuondoka unazirudisha ubadilishiwe. Akaweka moja juu ya namba 17, tarehe aliyozaliwa mama. Mchezeshaji akazungusha gurudumu upande mmoja na kurusha goroli upande wa pili. Kwa ambaye hajawahi kuisikia goroli ile: kwanza inavuma, mvumo mwembamba unaozunguka ukingo wa mbao. Ikianza kuishiwa nguvu inashuka, inagonga vizuizi, inaruka, inaingia kwenye kichumba kimoja na kutoka, na watu wote mezani wanabana pumzi. Ikalala kwenye 17. Mchezeshaji akaweka alama juu ya namba, akakomba tokeni za wengine wote, kisha akamsogezea dada tokeni 35, na ile ya dau ikabaki palepale.

"Umeona, mdogo wangu?" Alinishika mkono hadi ukauma. "Hoteli imeshajilipa."

Nimeifikiria sana kauli ile. Hoteli haikuwa imejilipa. Ilikwishalipwa miezi mitatu nyuma kwa pesa za jasho. Lakini papo hapo zile 35 ziligeuka kuwa pesa zisizo na kazi. Nyumbani zingekuwa na majina kabla hazijafika mfukoni: ada, kodi ya nyumba, dawa za mama. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na likizo ni mahali ambapo mtu mzima mwenye akili timamu hulifunga daftari kwa hiari yake. Anakuja amejiambia kuwa pesa ya safari ni pesa iliyokwisha kutumika. Ikiliwa, hahisi kuwa imeliwa. Ikizaa, hahisi kuwa ni yake kweli, kwa hiyo anairudisha mezani. Watu wengi huonya kuhusu kamari. Mimi nataka kuonya kuhusu kamari ya likizo, maana naona ni mnyama mwingine, na waliomfuga walijua vizuri walikuwa wanafanya nini walipomfunga kando ya bahari.

Tuchukue Monaco, nchi ndogo ya pwani kando ya Ufaransa. Mwaka 1861 mkuu wake, Charles III, aliiachia Ufaransa miji ya Menton na Roquebrune, iliyokuwa sehemu kubwa sana ya ardhi yake. Alibaki na mwamba, bandari ndogo na hazina tupu. Majaribio ya kwanza ya kasino yalikwama, hadi mwaka 1863 kibali kilipochukuliwa na François Blanc, mtu aliyekuwa ameshatajirika na kasino ya Homburg huko Ujerumani. Kampuni iliyoanzishwa iliitwa Société des Bains de Mer et du Cercle des Étrangers. Lisome polepole jina hilo. Maana yake ni Kampuni ya Maogeleo ya Baharini na Klabu ya Wageni. Neno kamari halimo. Kuna bahari na kuna wageni, basi. Mwaka 1866 kilima chenye kasino kikapewa jina la Monte Carlo, mwaka 1868 reli ikafika, na mwaka 1869 Monaco ikafuta kodi ya mapato kwa raia wake. Raia hao, hadi leo, hawaruhusiwi kucheza kamari kwenye kasino yao.

Hilo la mwisho lilinisimamisha nilipolijua. Bahamas nao wako hivyohivyo: mtalii aliyetua asubuhi anaweza kukaa mezani usiku kucha, ila raia wa Bahamas haruhusiwi kucheza kwenye kasino hizo. Ana ruhusa ya kuzigawa karata, hana ruhusa ya kuzishika kama mchezaji. Serikali iliyokubali kasino kwa sababu ya mapato yake ikiwafungia mlango watu wake yenyewe, imeshasema wazi inachokijua kuhusu kilicho ndani. Mgeni tu ndiye hajaambiwa.

Ufaransa waliiandika hoja hii kuwa sheria. Sheria ya tarehe 15 Juni 1907 iliruhusu kasino kwenye miji ya maogeleo ya baharini, ya chemchemi za tiba na ya hewa safi ya milimani, yaani sehemu ambazo watu huenda kupumzika. Ndiyo maana Deauville, kwenye pwani ya Normandy, ikapata kasino yake kubwa mwaka 1912. Nia ilikuwa kumweka mcheza kamari mbali na makazi ya kila siku ya watu wanaofanya kazi. Lakini anayekwenda Deauville ni nani, kama si yule yule mfanyakazi, akiwa ameacha kazi yake nyumbani pamoja na tahadhari zake?

Kuna sehemu ambako sheria ilidai kasino isikanyage nchi kavu kabisa. Jimbo la Mississippi, Marekani, lilipohalalisha kasino mwaka 1990 lilitaka zielee, kwa hiyo mji wa Biloxi ukajazwa majahazi makubwa yasiyosafiri popote, yamefungwa ufukweni, yamejaa mashine na meza. Tarehe 29 Agosti 2005 kimbunga Katrina kiliyanyanyua baadhi ya majahazi hayo na kuyatupa nchi kavu. Baada ya hapo sheria ikalegezwa, kasino zikaruhusiwa kujengwa nchi kavu hadi futi 800 kutoka ufukweni. Huko Goa, India, michezo ya mezani iko kwenye meli zilizotia nanga Mto Mandovi, na mchezaji anapelekwa kwa boti ndogo. Tunasema ukiona vyaelea jua vimeundwa, na nadhani hakuna mahali methali hii inakaa vizuri kuliko hapo. Maji hayakuifanya kamari ile iwe nyepesi. Maji yalimpa kila mtu nafasi ya kusema kwamba jambo hili halifanyiki kwetu hasa, linafanyika pale, kando kidogo. Na mtu aliye likizoni anaongea lugha hiyo hiyo: huyu si mimi hasa, ni mimi wa likizo.

Usiku wa pili dada alirudi na zile 35 akaliwa zote. Hakusikitika. "Zilikuwa zao," alisema. Asubuhi yake tulikuwa tumepanga kwenda kwenye miamba, maji yakiwa yamekupwa. Ilikuwa bamvua, siku ambazo bahari hujaa kuliko kawaida na kukupwa kuliko kawaida, na mtu wa hoteli alituambia tusikose. Nilimgongea saa kumi na mbili, hakuamka. Nilikwenda peke yangu. Bahari ilikuwa imerudi nyuma mbali mno, na kwenye vidimbwi kulikuwa na samaki wadogo waliosahauliwa na maji, kaa wekundu, kiti cha pweza mkubwa kama sahani mwenye ncha zilizopinda kidogo kama anayejikuna. Nilipiga picha nyingi. Niliporudi saa nne dada alikuwa bado amelala, pazia limefungwa.

Nifafanue hapa jinsi kasino inavyokula, kwa sababu sikulijua hilo wakati ule na ningelijua ningeweza kumweleza dada badala ya kumnunia.

Gurudumu la hoteli yetu lilikuwa na sifuri mbili: namba 1 hadi 36, kisha 0 na 00, jumla vichumba 38. Sasa weka tokeni moja juu ya kila namba, zote 38. Huwezi kukosa, goroli italala popote na wewe utakuwa umeshinda. Utapewa 35 pamoja na ile ya dau lako, jumla 36. Umetoa 38 na umerudishiwa 36. Hayo ndiyo mambo yote ya ruleti, hakuna siri nyingine. Kwa kila 100 zinazowekwa mezani, kasino inabaki na 5.26 kwa wastani. Gurudumu la sifuri moja lina vichumba 37, nalo hubakisha 2.70. Blanc na ndugu yake walileta sifuri moja Homburg mwaka 1843 ili kuwavutia wachezaji, na ilifanya kazi. Siku hizi kuna meza zenye hata sifuri tatu, ambazo hubakisha 7.69. Ukiingia, hesabu sifuri kabla hujakaa.

Mtu atasema tano kwa mia si kitu, hata benki inakata. Kosa liko hapo, na ndilo lililotuumiza. Hazikatwi mara moja kwenye pesa uliyokuja nayo. Zinakatwa kila goroli inapozunguka. Tuseme dau lako ni 10, na meza inazunguka mara 35 kwa saa. Kwa saa nne umeweka mezani 1,400, ingawa mfukoni ulikuja na 200 tu, kwa sababu unachoshinda unakirudisha na kukiweka tena. Asilimia 5.26 ya 1,400 ni karibu 74. Ukifanya hivyo usiku tano, wastani wa kuliwa ni 368. Hakuna mkosi hapo, hakuna jini, hakuna aliyekuonea. Mashine za sloti ni kali zaidi kwa sababu ni za haraka: ukibonyeza mara 10 kwa dakika, ni mizunguko 600 kwa saa. Jimbo la New Jersey, kwa mfano, sheria yake inadai mashine irudishe angalau asilimia 83 kwa wachezaji, maana yake inaruhusiwa kubaki na hadi 17. Na mashine hupiga muziki hata pale unapoweka 20 na kurudishiwa 8. Taa zinawaka, sarafu za kwenye kioo zinamwagika, na wewe umeliwa 12.

Kwa hiyo kinachotakiwa kwako ni muda. Likizo ni nini kama si muda? Mtu wa mjini anayepitia kasino akitoka kazini ana saa mbili, ana basi la kuwahi, kesho ana bosi. Aliye likizoni hana pa kuwahi. Amekuja na saa nyingi mikononi, na amefikia juu ya kasino yenyewe, lifti moja tu.

Usiku wa tatu nilikaa naye. Ukiacha sifuri, nusu ya namba za gurudumu ni nyeusi na nusu ni nyekundu, na unaweza kuweka dau kwenye rangi tu. Nyeusi ilitoka mara sita mfululizo, na kila mara kibao cha taa kilichokuwa juu ya meza kiliziandika namba zilizopita ili watu wazisome kama dalili za mvua. Dada akaanza kuweka kwenye nyekundu, akiongeza dau maradufu kila anapoliwa. "Nyekundu imechelewa," alisema. "Lazima itoke." Nyeusi ya saba. Nyeusi ya nane. Nilikuwa naamini kama yeye, nakiri; moyo wangu ulikuwa unaidai nyekundu kama deni. Tarehe 18 Agosti 1913, huko Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo. Watu walijazana mezani kuweka kwenye nyekundu, kila mmoja ana hakika kuwa zamu yake imefika, na kasino ikakomba usiku kucha. Goroli haina kumbukumbu. Haikumbuki ilikolala dakika mbili zilizopita, haimjui mama yetu wala tarehe yake ya kuzaliwa. Nyekundu ilitoka kwenye mzunguko wa kumi. Dada alikuwa ameishiwa kwenye ya tisa.

Mchezeshaji wetu alimaliza zamu wakati huo huo. Wakiondoka mezani hupiga makofi mepesi na kuigeuza mikono, kiganja juu, kiganja chini, kuzionyesha kamera za darini kwamba hawakuchukua kitu. Alikuwa kijana mpole, alimtakia dada usiku mwema kwa heshima. Sina ugomvi naye hadi leo.

Usiku wa nne niliamshwa na mlango. Saa tisa. Dada alikaa kitandani bila kuvua kandambili, simu mkononi, na mwanga wa simu ukauonyesha uso wa mtu mwingine kabisa. Alikuwa ametumia kadi. Mashine ya kutolea pesa iko ndani ya kasino, pembeni ya keshia, nayo ina makato yake. Alikuwa ametoa mara tatu, jumla sawa na mshahara wake wa miezi miwili.

"Dada, hizo hazikuwa za likizo."

"Najua."

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Usimwambie mama," na hapo ndipo nilipolia, kwa sababu tangu nizaliwe ni mimi niliyekuwa namwambia yeye maneno hayo.

Sikumwambia mama. Lakini nilimwomba dada anisimulie usiku ule, wote, dakika kwa dakika, na alinisimulia. Alisema hakukuwa na furaha yoyote tangu usiku wa pili. Alikuwa anatafuta tu kurudi pale alipokuwa, usiku wa kwanza, pesa zikiwa sawa na yeye akiwa hana kosa. Alisema akiwa mezani hakumkumbuka mama hata mara moja, na kwa mwaka mzima hilo halikuwahi kutokea. Nadhani hapo ndipo penyewe. Alikuja kutafuta pumziko, na chumba kile kilimpa kitu kinachofanana nalo sana: kusahau. Bahari ingempa taratibu, siku ya tano, siku ya sita. Goroli ilimpa papo hapo.

Naandika haya nikijua wako watu ambao hali yao ni nzito kuliko ya dada. Tangu 2013 madaktari wa magonjwa ya akili wa Marekani wameuweka ugonjwa wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya kwenye mwongozo wao wa uchunguzi, na Shirika la Afya Duniani nalo linautambua kuwa ugonjwa. Mtu wa namna hiyo hahitaji hesabu zangu za sifuri. Anahitaji tiba na watu wa karibu wasiomwaibisha. Na kama unajua una historia hiyo, tafadhali chagua hoteli isiyo na kasino. Zipo, na bahari ni ile ile.

Huwa naambiwa kuwa kasino huleta neema kwenye miji ya pwani. Atlantic City ilikuwa mji wa ufukweni uliochakaa pale wapiga kura wa New Jersey walipokubali kasino mwaka 1976. Ya kwanza ilifunguliwa tarehe 26 Mei 1978, na kwa muda pesa ilimiminika kweli, na ajira pia, sitaki kulificha hilo. Mwaka 2014 pekee kasino nne zilifungwa, mojawapo Revel, iliyokuwa na miaka miwili tu na iliyogharimu zaidi ya dola bilioni 2. Njia ya mbao ya kutembelea ufukweni, iliyoanza kujengwa mwaka 1870, bado ipo. Watu bado wanatembea juu yake.

Siku zilizobaki tulikaa nje. Nilishika kadi zake kwa ombi lake. Hatukuzungumza sana.

Mwaka uliofuata tulikwenda tena baharini, hoteli nyingine, nayo ina kasino. Sikutaka. Dada alisema hawezi kuishi akiogopa mlango. Tuliingia usiku mmoja, yeye na kiasi alichokiandika kwenye karatasi nyumbani, mbele yangu, na kukitaja kwa jina lake: kiingilio, kama cha muziki. Kadi zilibaki chumbani. Alihesabu sifuri kabla ya kukaa, ilikuwa moja. Hakuweka kwenye 17. Ilimchukua dakika 50 kuliwa, na katikati alicheka mara mbili, kicheko chake cha zamani. Ya mwisho ilipokombwa aliinuka mwenyewe kabla sijamgusa bega.

Nje mbalamwezi ilikuwa kubwa na maji yalikuwa yanakupwa. Tulivua kandambili. Nilimwonyesha jinsi ya kuelekeza tochi ya simu pembeni ya dimbwi, si katikati, ili kaa wasikimbie, na akainama, akakaa kimya, halafu akaniita nije kuona.